Mcheza Ngoma na Haki ya Uwanja

Mgeni wa heshima anaposhuka Kilwa Masoko, au Mwenge wa Uhuru unapopokelewa mpakani mwa wilaya, watu wa kwanza kuonekana ni wacheza ngoma. Wamefika tangu alfajiri. Ngoma zimekwisha kuota moto, ngozi zimekaza, njuga zimefungwa miguuni, na jua limewapata wakiwa wamesimama. Mgeni akitokea, hucheza kwa nguvu zao zote. Naye hutabasamu, huwapungia mkono, pengine huingia kati akapiga hatua mbili tatu, kisha hotuba huanza. Wachezaji hukaa kivulini wakingoja gari la kuwarudisha vijijini. Alasiri ya siku hiyo hiyo, katika uwanja ule ule, huingia vijana wa mpira. Hao wana jezi, wana kocha, wana mwamuzi mwenye filimbi, na yupo mtu amekaa pembeni na sanduku la dawa, asije mmoja akateguka mguu.

Wote wamecheza, na wote wametoka jasho juu ya mchanga mmoja. Lakini katika madaftari ya serikali na katika vinywa vya watu, wa alasiri huitwa mwanamichezo, na wa asubuhi huitwa burudani. Swali la kujiuliza ni kama tofauti hii ina msingi wa haki, au ni mazoea tu yaliyoota mizizi hata yakafanana na haki.

Shahidi wa kwanza wa kuitwa ni lugha. Kiswahili hakikupata kuyatenga mambo haya. Mtu hucheza mpira, hucheza bao, hucheza karata, hucheza ngoma. Tamthilia nayo ni mchezo wa kuigiza. Neno uwanja ni moja kwa wote, na neno mchezaji vilevile. Mtu wa Kilwa Kivinje akisema, “Jana walicheza sana,” hana budi kuulizwa: walicheza nini? Hata neno ngoma lenyewe limekataa kugawanywa, kwani ni kile chombo kilichowambwa ngozi, ni wimbo, ni mwendo wa miili, na ni mkutano mzima wa watu usiku ule. Lugha si sheria, na ushahidi wake peke yake hautoshi kumpa mtu haki. Hata hivyo ni ushahidi wa wazee, nao waonyesha kwamba mpaka uliopo leo kati ya michezo na ngoma haukuchorwa na wenye lugha.

Ulichorwa ofisini, na kwa nia njema. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika hotuba yake alisikitika kwamba watu waliosoma walijua dansi za Ulaya na Marekani kuliko ngoma za kwao. Ngoma ikapewa cheo cha roho ya taifa. Kisha mwaka 1967 ikatungwa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, na mwaka 1984 sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa. Mpira, riadha na ndondi zikaenda upande mmoja, ngoma ikaenda upande wa pili. Mabaraza hayo mawili yameishi kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili.

Ajabu ni kwamba shuleni mpaka huo hulegea. Katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ngoma na kwaya hushindaniwa pamoja na kandanda, mpira wa pete na mbio. Mwaka 2019, na tena 2021, mashindano hayo yalifanyika Mtwara, jirani kabisa na Lindi. Mtoto huambiwa, basi, kwamba ngoma yake ina alama, ina mshindi, na ina nafasi katika msafara wa wanamichezo. Akimaliza shule, mwenzake aliyepiga mpira huweza kuota ndoto ya kuchezea Namungo ya Ruangwa, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kulitangaza jina la mkoa wa Lindi nchi nzima. Yeye aliyecheza ngoma hurudi nyumbani kungoja mgeni mwingine.

Inafaa basi kuuliza mchezo ni nini. Wanaoutetea mpaka husema kwamba mchezo wahitaji mambo manne: mwili uliofunzwa, kanuni zinazojulikana, ushindani, na mtu wa kuamua. Vigezo hivyo ni vizuri. Kosa ni kudhani kwamba ngoma haina hata kimoja.

Tuseme mwili. Anayeitazama sindimba ya Wamakonde kwa jicho la mtalii huona kiuno tu. Aitazamaye kwa jicho la mwalimu wa viungo huona magoti yaliyokunjwa muda wote, mgongo ulioinamishwa bila kuvunjika, nyayo zinazopiga ardhi kwa mpigo mmoja na mabega yanayofuata mpigo mwingine, na pumzi inayogawanywa kati ya miguu na wimbo. Wapo pia wacheza midimu, waliofunika nyuso zao kwa vinyago, ambao baadhi yao hucheza juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Akikosea hatua, chini hakuna wavu wala godoro. Mazoezi ya namna hiyo huanza utotoni. Ndiyo sababu wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Methali hiyo hutumiwa kuwasuta wanaoanza jambo wasiloweza kulimaliza, lakini maana yake ya kwanza ni ya viungo: kukesha kwenye ngoma ni kazi ya mwili ulioiva.

Tuseme kanuni na ushindani. Pwani yote ya Waswahili imejaa ngoma za kushindana. Kirumbizi huchezwa kwa fimbo, kwa zumari na ngoma. Wawili huingia uwanjani, hushambuliana na kukingana, na mpigo wa ngoma ndio unaowaweka katika adabu. Anayeulizwa kama kirumbizi ni ngoma au ni mchezo wa kupigana hawezi kujibu, kwa kuwa swali lenyewe halikuzaliwa pale. Mombasa, vyama vya wanawake vya lelemama vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ilizuka beni katika miji ya pwani ya Kenya, ikateremka kusini, na Vita Kuu ya Kwanza ikaitapakaza bara pamoja na askari na wapagazi. Tanganyika nzima, Lindi ikiwamo, ikagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, sare zake na gwaride lake. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu juu ya beni mwaka 1975, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyowapa watu wa mijini namna ya kujipanga, kusaidiana na kupimana nguvu wakati ambapo mkoloni hakuwaachia nafasi nyingine. Mtu aliyezoea kuwaona mashabiki wa Simba na Yanga hahitaji kuelezwa Marini na Arinoti walikuwa nini.

Tena, katika nchi ya Wamatumbi nyuma ya Kilwa, mwendo wa ngoma ulipata kubeba uzito kuliko mchezo wowote. Kabla ya vita vya Maji Maji kuanza mwaka 1905, watu waliomwendea Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe walifanya mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, kwa safu, kwa nyimbo na kwa hatua za pamoja. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo, vita vikaendelea hadi 1907, na malenga wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, akavitungia utenzi. Maji hayakuzuia risasi. Lakini kule kupiga hatua pamoja kulikuwa kumekwisha kuwafanya watu wa vijiji vingi kuwa jeshi moja. Wayunani wa kale walilijua jambo hilo. Katika sikukuu kuu ya Athene walishindanisha vijana katika ngoma ya silaha, na washindi walipewa ng'ombe dume. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, aliyagawa mafunzo ya mwili mafungu mawili tu, ngoma na mieleka. Kwa Plato, ngoma ilikuwa nusu nzima ya michezo.

Mpaka hapo hoja yaonekana kuwa nyepesi: ngoma ina kila kigezo, basi na iitwe mchezo, na jambo liishe. Lakini jambo haliishi. Upo upande wa pili, nao una watu wenye akili na wenye uchungu na ngoma.

Hoja yao ya kwanza ni ya mizani. Agosti 2024, mjini Paris, ngoma ya mitaani iliyozaliwa na vijana weusi na Walatino wa New York, ile iitwayo breki, iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Waamuzi tisa waliketi na kupima kila mchezaji kwa vigezo vitano, ukiwamo ubunifu na usikivu wa muziki. Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada wakatwaa dhahabu. Wengi walistaajabia ufundi wao. Lakini kilichozungumzwa zaidi ulimwenguni kilikuwa mchezaji mmoja kutoka Australia aliyeondoka bila kura, akawa kichekesho cha simu za watu kwa wiki nzima. Katika ngoma ya kijijini, asiyejua hucheza pembeni, na mzee asiye na nguvu hutikisa bega tu na kushangiliwa. Ngoma humpa kila mmoja mahali pake. Mizani huwapa mahali watatu, na waliobaki huwa walioshindwa. Na hata mlango huo wa Olimpiki haukubaki wazi, kwa maana breki haimo katika michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Hoja ya pili ni ya ulimi. Katika mashindano yale yale ya Paris, Manizha Talash, msichana wa Afghanistan aliyecheza katika timu ya wakimbizi, alikunjua vazi lenye maneno ya kudai uhuru wa wanawake wa kwao. Akaondolewa mashindanoni, kwa kuwa kanuni za michezo hazikubali maneno ya siasa. Wapenzi wa ushairi wa pwani hawana budi kutafakari hapo. Ngoma ya Waswahili haikupata kuwa bubu. Lelemama ilikuwa na mafumbo yake, beni ilikuwa na vijembe vyake, na manju aliyekosa la kusema hakuwa manju. Ngoma ikifungiwa kanuni za mchezo, huenda ikabaki na miguu na kupoteza kinywa. Ngoma isiyoweza kumsuta mkubwa imepungukiwa kitu, hata ikipewa kikombe cha fedha.

Hoja ya tatu ni ya siri na ya heshima. Si kila mwendo wa mwili katika pwani ya Lindi ni wa kutazamwa. Ngoma za unyago na za jando zina wenyewe, zina wakati wake na mafunzo yake, na macho ya mgeni si sehemu yake. Sindimba ni fundisho katika hili. Baada ya uhuru ilitolewa katika mazingira yake, ikapandishwa jukwaani, ikachezwa nchi nzima na watu wasiojua ilikotoka, na kwa watazamaji wengi kilichobaki ni mzaha wa kiuno. Upande wa dini nao una mfano wake. Wanaosoma Maulidi ya Homu huko Unguja huinama na kuinuka safu nzima kama wimbi, kwa umoja ambao kikundi chochote cha ngoma kingeutamani. Lakini atakayewaambia kwamba wanacheza atakuwa amewakosea adabu. Kufanana kwa mwendo hakufanyi nia ziwe moja.

Hoja ya nne ni ya madhara, nayo hutoka katika historia yenyewe ya ushindani. Marini na Arinoti hawakushindana kwa hatua peke yake. Walishindana kwa karamu, kwa sare na kwa kutupa mali, na kutaka kumshinda mwenzio kuliwaingiza watu katika madeni na ugomvi. Kuitukuza ngoma ya mashindano pasipo kuikumbuka hasara hiyo ni kusimulia harusi na kuficha mahari.

Hoja hizi nne ni za kweli, na hakuna hata moja inayopaswa kupuuzwa. Lakini zikitazamwa vizuri, zote zazungumzia kitu kimoja, nacho ni kikombe: alama, waamuzi, ushindi, utazamaji. Hakuna hata moja inayozungumzia goti. Na hapo ndipo fumbo linapofumbuka.

Upo mfano unaowahusu watunzi wa mashairi wenyewe. Kuanzia mwaka 1912 hadi 1948, Olimpiki ilitoa nishani kwa fasihi, muziki, uchoraji, uchongaji na usanifu wa majengo. Mwaka ule wa kwanza nishani ya dhahabu ya fasihi ilikwenda kwa shairi la kuusifu mchezo, na mtunzi wake, aliyejificha nyuma ya majina ya kubuni, alikuwa Pierre de Coubertin mwenyewe, mwanzilishi wa Olimpiki ya kisasa. Baadaye nishani hizo zikafutwa, na ushairi haukupungukiwa na kitu. Mshairi hakuhitaji kuitwa mwanamichezo, kwa sababu kazi yake haiulizi mwili wake una umri gani. Malenga akifika miaka sabini, utenzi wake huweza kuwa bora kuliko wa ujanani. Akifa, utenzi hubaki kitabuni.

Mcheza ngoma hana bahati hiyo. Kitabu chake ni mwili wake, na mwili huo huisha kama unavyoisha wa mpiga mpira. Magoti huliwa na ardhi ngumu, viuno huchoka, nyayo hupasuka. Hatua aliyoijua, kama hakuipitisha kwenye mwili wa kijana, huzikwa pamoja naye. Hili ndilo linalomtenga na mshairi na kumketisha karibu na mwanamichezo. Mwanamichezo hupewa daktari, kocha, muda wa mazoezi na bima kwa kuwa jamii imekiri kwamba anaitumia afya yake kwa ajili ya furaha na heshima ya wengine. Mcheza ngoma huitumia vilevile. Kumwita burudani ni kuichukua afya hiyo bure.

Kilwa yenyewe yaweza kuwa mizani ya jambo hili. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa inaila pwani na kuta zilikuwa zinaanguka. Mafundi wakaja, chokaa ikachomwa, kuta zikashikizwa, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ya hatari. Hilo lilikuwa jambo jema, na jiwe lilistahili. Lakini ng'ambo ya maji, juu ya mchanga, yupo mtu ambaye ndani ya miguu yake mna urithi usio na ukuta wala chokaa, na likiteguka goti lake hakuna fundi anayeitwa.

Kwa hiyo jibu la swali halina haja ya kuwa moja kwa ngoma zote. Zipo ngoma ambazo tangu zamani ni za kushindana, kama kirumbizi na zile zilizozaliwa na beni. Hizo, wenyewe wakitaka, zina haki ya ligi na vikombe kama mchezo mwingine wowote, ila kanuni zake zitungwe na manju na wazee wa ngoma, wala zisiagizwe kutoka nje, na kinywa chake kisizibwe. Zipo ngoma za siri na za ibada, ambazo heshima yake ni kuachwa zilivyo. Lakini haki ya mwili haina tofauti hizo. Anayeitwa kucheza mbele ya umma, kwa ajili ya umma, anastahili kile anachostahili kila mchezaji: mahali pa kufanyia mazoezi, ujira unaojulikana kabla ya kazi, maji na kivuli, na tiba anapoumia. Anastahili pia kuandikwa katika daftari lile lile na kwa jina lile lile.

Wahenga walikwisha kuhukumu kesi hii zamani: mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema ni mchezo gani. Walisema tu kwamba anayewachezea watu wake, watu wake wana deni kwake. Leo methali hiyo hutajwa na wasema-chochote, msanii anapotunzwa noti mbili tatu jukwaani, kisha watu hutawanyika. Lakini tuzo si noti ya kubandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Tuzo ni kukumbuka kesho yake asubuhi, vumbi likiwa limetulia na ngoma zimetundikwa, kwamba aliyecheza jana ana miguu inayomuuma.